Aliyemshika Mwanangu Mkono

Bajaji ilipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu hapa Chuno, nami nikaacha kukuna nazi nikasimama. Ndani yake alikuwa binti yangu, anarudi likizo kutoka shule ya bweni, sanduku lake la bati limefungwa kamba kwa nyuma. Nilikuwa jikoni tangu alfajiri kwa ajili yake. Akatoa kichwa nje, akapunga mkono.

"Shikamoo mama! Nakuja sasa hivi! Naenda kumsalimia somo kwanza!"

Bajaji ikaongeza mwendo, ikakata kona ya kuelekea Shangani. Nikabaki nimesimama na kizio cha nazi mkononi.

Jirani yangu alikuwa anaanika muhogo ng'ambo ya barabara, na aliyaona yote.

"Mama, mgeni wako kapita?"

"Kapita."

"Basi wali ukipoa nikaribishe mimi. Mimi sina somo Shangani."

Nilicheka ili asione nilivyoumia. Nikarudi kwenye mbuzi nikakikuna kile kizio mpaka nikafika kwenye kifuu, nazi ikaingia weusi, ikabidi niitupe.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu Kusini, naomba nieleze taratibu, kwa sababu huyo somo ndiye mtu ambaye nimemwonea wivu kuliko mwanamke mwingine yeyote, na mume wangu wala hahusiki.

Kwetu msichana akivunja ungo, mama yake siye wa kumfunda. Anatafutwa mwanamke mwingine wa kumshika mkono, amwingize unyagoni na kumtoa. Huyo ndiye somo wake, na ni wake maisha yote. Mambo ya mwili, ya damu, ya wanaume na ya ndoa, msichana huyapeleka kwa somo. Mama anabaki na chakula, shule, sala na adabu. Mama na binti hawazungumzi habari ya damu kabisa. Ni aibu kwa wote wawili. Nadhani wazee waliona kwamba mama huogopa upesi, na mtoto akimwona mama ameogopa hunyamaza. Kwa hiyo wakampa mtoto mtu mzima wa pili, anayempenda lakini hatetemeki.

Mimi ni muuguzi wa kliniki. Jambo hili nimewaeleza mara nyingi wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa kwetu kujifunza kazi, wengine wametoka mbali na wanadhani unyago ni ngoma tu. Huwa nawaambia, msiudharau mpango huu. Msichana akija na somo wake, zungumzeni na somo kwa heshima, mtapata habari zote. Ni mpango mzuri sana. Uzuri wake unaanza kupungua siku msichana mwenyewe anapokuwa mwanao.

Somo wa binti yangu ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Ana kazi ya ofisini bandarini, ana watoto wa kiume watupu, na ana kicheko kinachomtangulia mlangoni. Sikumchagua mimi. Nilitaka binti wa mama yangu mdogo, kwa kuwa kwetu mtoto huhesabiwa upande wa mama, na nilipenda siri za mwanangu zikae upande wangu. Unyago wenyewe tuliufanya likizo ya shule, uani kwa mjomba, tumezungushia turubai, kwa siku chache tu, kama wafanyavyo wengi siku hizi. Nyakanga, yule mwanamke mkuu wa unyago, akauliza nani anamshika mkono mtoto huyu. Ndugu yangu huyo akasogea. Wifi naye akasogea. Mwali anatakiwa kutazama chini muda wote. Wangu aliinua macho akamtazama wifi.

Watu wakaangua kicheko. Nyakanga akasema, "Macho yamekwisha sema, sisi tubishane nini?"

Ikasomwa Fatiha. Mtoto akapakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, akalazwa kichwa kwenye mapaja ya wifi, nami nikatoa doti ya kanga na kuku, nikatamka mbele ya watu neno ambalo mama hulitamka: "Nimekukabidhi." Nililitamka kwa sauti nzuri. Moyoni nilikuwa naitazama ile kanga ya wifi, jinsi ilivyokuwa inachafuka unga wa uso wa mwanangu, na nikatamani ingekuwa yangu.

Tangu hapo wivu ukawa unaishi nami kama mpangaji. Binti akicheka, nilisikia kicheko cha Shangani. Akipika kisamvu, alikiunga kwa korosho kama wifi, si kwa karanga kama mimi. Simu yake ikilia alitoka uani, na nilijua ni nani kwa jinsi sauti yake ilivyolainika. Nilimlalamikia mume wangu, akanijibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Si mtu baki, ni dada yangu." Kana kwamba hilo lilikuwa linapunguza kitu.

Na kazini mambo yalikuwa kinyume. Wasichana wa watu huketi mbele yangu wamejitanda kanga, wanatazama sakafu, na baada ya muda wananiambia yote. Wananiambia mambo ambayo mama zao hawayajui. Nilikuwa narudi nyumbani nimebeba siri za mabinti wa nusu ya mji, nakuta wangu ananiambia, "Nimekula, mama, asante."

Likizo ile aliyonipita na bajaji niliona kuna jambo. Alikaa ameinama, mkono kiunoni. Alijifunika kanga mchana wa jua, na chini ya kanga nikaona chupa ya maji ya moto. Chakula alikichezea.

"Unaumwa nini?"

"Kichwa tu, mama."

Mwenye kuumwa kichwa hashiki kiuno. Nikampigia simu mlezi wa bweni lao. Akaniambia kwamba kila mwezi binti yangu hulala siku kadhaa bila kwenda darasani, na mara ya mwisho alianguka kwenye foleni ya chakula. Alidhani najua.

Wewe mzazi mwenzangu utaelewa. Kwa masikio ya muuguzi nilikwisha pata picha: ni hedhi yenye maumivu makali, na inataka kuangaliwa. Kwa masikio ya mama nilisikia mengine kabisa. Nilisikia mimba. Nilisikia mimba imetolewa kwa siri. Nilisikia ugonjwa ambao jina lake sikutaka kulitaja. Niliingia chumbani kwake nikauliza waziwazi, jambo ambalo mama hafanyi.

Akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Somo anajua, mama."

Nilivaa baibui nikatoka.

Nilimkuta wifi barazani kwake Shangani, upepo wa bahari unapeperusha pazia la mlango. Ametoka kazini muda si mrefu, kitambulisho bado shingoni. Nilipofika nikamkuta binti yangu amenitangulia. Alikuwa amepanda bodaboda wakati mimi natembea kwa hasira. Ameketi chini kwenye mkeka, kati ya magoti ya wifi, anasukwa nywele. Kichwa nilichokiogesha mimi tangu hakijawa na unywele kilikuwa kimeegemea paja la mtu, kimefumba macho.

Aliponiona alishtuka. Wifi akamgusa bega. "Nenda kaangalie chai." Akaingia ndani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

"Karibu wifi. Leo umekuja na uso wa mkaguzi."

"Nataka kujua mwanangu anaumwa nini."

"Si umuulize?"

"Nimemuuliza. Kaniambia somo anajua."

"Hajakudanganya."

"Basi niambie."

Wifi akajipangusa mafuta ya nywele kwenye vidole, kidole kimoja kimoja. "Wifi yangu, ulinikabidhi mbele ya watu, Fatiha ikasomwa. Leo nikikwambia, kesho mtoto atamwambia nani?"

"Mimi ni nesi!"

"Unesi umeuacha kazini. Hapa wewe mama wa mwali."

"Nimemzaa mimi."

"Hilo nani kabisha? Ningemzaa mimi angekuwa na pua hii." Akaigusa pua yake, ndefu, nzuri, ya upande wao.

Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa kiburi. Ndani, karibu na chai, binti yangu alicheka kwa niaba yangu. Kicheko hicho kiliniumiza kuliko maneno yote. Walikuwa na utani wa pua yangu, na ulionekana si wa siku ile.

Nilirudi kwa miguu. Ni saa ambayo familia zinatembea ufukweni Shangani, watu wanapunga upepo, na kila mama niliyepishana naye alikuwa ameshikana mkono na binti yake, au ndivyo nilivyoona. Nilimwonea wivu wifi baraza yake. Nilimwonea wivu mkeka wake. Nilivionea wivu vidole vyake vyenye mafuta, kwa sababu vinajua mwanangu anapoumia na vyangu havijui.

Ndipo nikakumbuka kwamba na mimi nina somo.

Hii ndiyo sehemu ya mila ambayo sisi wa mjini tunaisahau. Tunadhani somo ni wa wasichana. Lakini yule aliyekushika mkono hakuachii ukishaolewa wala ukishapata cheo. Mambo ambayo huwezi kumpelekea mumeo, wala mwajiri wako, wala mama yako, yana mahali pa kwenda. Wangu anaishi kijijini, njia ya kwenda Kilambo, si mbali na Ruvuma inapomwaga maji baharini. Wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji, yeye akazaliwa huku, akalima muhogo na mikorosho huku. Jumamosi nikapanda gari nikaenda.

Alikuwa uani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo somo."

"Marahaba somo wangu. Vua hicho kiatu cha mjini ukae. Nini?"

Sikuzunguka. "Somo, nina wivu."

Akaacha kubangua. "Mumeo kaongeza mke?"

"Hapana."

"Afadhali. Kwa hilo ningeomba kiti kwanza. Basi unamwonea nani?"

"Wifi yangu. Kanichukulia mtoto."

Alicheka mpaka korosho zikamwagika mapajani. Alipotulia akanitazama vizuri, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Mama yako alikaa hapohapo ulipokaa. Alisema nimekuroga, kwa kuwa kila ukisonga ugali ulikuwa unasema somo husonga hivi, somo husonga vile. Msimu mzima wa korosho hakuniamkia."

Mama yangu alikuwa mpole wa kijiji kizima. Nilishindwa hata kumfikiria hivyo. "Ukamjibu nini?"

"Nilimpa korosho abangue." Akasukuma lile fungu mpaka magotini kwangu.

Nilibangua. Kazi hiyo haitaki haraka. Ukigonga vibaya punje inavunjika. Huku nabangua nikamwambia yote, chupa ya maji ya moto, simu ya mlezi, foleni ya chakula, hata mimba niliyokuwa naiogopa. Hakusema pole, hakusema vumilia. Nilipomaliza akanawa mikono, akachukua simu yake ya vitufe kutoka kwenye fundo la kanga.

"Sasa nimpigie somo mwenzangu."

"Namba yake umeipata wapi?"

"Hunipigia kila Ijumaa."

"Anakupigia kukwambia nini?"

"Kuniuliza habari zako. Mama yake mwali anakasirishwa na nini, anapenda nini, siku gani asisogelewe. Mtu anatunza mtoto wa watu, lazima amjue mwenye mtoto."

Akasema bismillahi, akabonyeza, akasogea kwenye banda la kuku ili nisisikie. Waliongea Kimakonde, kwa sauti ya chini. Nilimwona somo wangu anatikisa kichwa, anasikiliza, anauliza, halafu ghafla anacheka, amejishika mbavu. Sasa nilikuwa na wivu wa watu wawili. Nilikuja kushtaki, nimekaa na maganda ya korosho, na somo wangu mwenyewe anacheka na mshtakiwa!

Aliporudi alikaa karibu nami, bega kwa bega.

"Mtoto hana mimba, wala hajawahi kuwa nayo. Hilo ndilo lililokuwa linakuua, sivyo?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Lililobaki ni ugonjwa, na dawa yake iko kwenu. Ila anaona haya. Anasema ukimpeleka wewe, manesi wenzako wote watajua, na kila akipita watamtazama tumbo. Amemlilia somo wake asikwambie. Yule naye anahangaika na tangawizi na maji ya moto, anajua havitoshi, na neno lake hawezi kulivunja; mimi kaniambia kama somo mwenzake." Akairudisha simu kwenye fundo la kanga. "Huko kazini, akija mtoto wa watu anaona haya, unafanyaje?"

"Nafunga mlango. Nazungumza kwanza na yule aliyemleta, mpaka mtoto aone hapa ni salama."

"Basi na huyu mfungie mlango."

"Huyu ni wangu, somo."

"Somo wake atamleta kwenu kama mgonjwa yeyote. Siku hiyo awe wa watu. Nyumbani atakuwa wako tena."

Kabla sijaondoka aliingia ndani akatoka na unga wa mtama kwenye kiganja. Akaniombea dua, kwa Kiarabu kwanza, halafu kwa Kimakonde akiwataja wanawake wa kwetu waliotangulia, mama yangu akiwa wa mwisho. Akanipaka unga kwenye paji la uso kama nilivyopakwa siku ya kutoka unyagoni. Mimi mtu mzima, mwenye zamu ya Jumatatu, nikainamisha macho. Kifua kikapoa. Sikupona wivu, lakini nilijua kwamba mama yangu aliupitia, na kwamba kuna mtu aliyetuona sote wawili tukiwa nao na hakutucheka kwa ubaya. Nilisahau kuupangusa ule unga. Kwenye gari abiria walinitazama mpaka tunaingia mjini.

Wiki iliyofuata, katikati ya foleni ya asubuhi, mlango ukagongwa. Wifi aliingia na baibui lake la kazini, nyuma yake binti yangu amejitanda kanga mpaka machoni. Walikuwa wamekaa kwenye benchi na kusubiri zamu yao kama watu wengine wote. Nikaufunga mlango.

Wifi akaketi, akamketisha mtoto pembeni yake, akakohoa.

"Dada nesi, habari za kazi. Nimemleta mwanangu."

Nilijua atasema hivyo, kwa sababu hivyo ndivyo inavyosemwa. Hata hivyo liliingia kama mwiba. Mwanangu, ndani ya chumba changu, mbele ya meza yangu.

"Karibuni," nikasema. "Mwanao anasumbuliwa na nini?"

Kulitamka lile "mwanao" kulinigharimu. Lakini nilipolitamka, mabega ya binti yangu yalishuka kidogo, kama mtu aliyetua ndoo.

Wifi akaeleza. Hakuacha kitu: maumivu yanaanza lini, yanashuka mpaka mapajani, anatapika, ameanguka shuleni. Mimi nilimsikiliza yeye, nikamuuliza yeye. Kisha nikachukua ule mchoro wa mfuko wa uzazi ninaowaonyesha wote, nikamgeuzia wifi, nikaanza kueleza kama ninavyoeleza kila siku. Kwamba mfuko huu ni msuli. Kwamba kila mwezi unajikaza ili usukume damu itoke, na kwa wasichana wengine unajikaza kwa nguvu mno. Kwamba kuumwa kidogo ni kawaida, lakini maumivu ya kumwangusha mtu kwenye foleni tusiyaite kawaida. Daktari ayaangalie kwa kipimo cha kuona ndani. Kwamba dawa inanywewa mapema, baada ya kula, kabla maumivu hayajapanda. Wifi aliitikia kila neno. Binti yangu alikuwa anatazama sakafu, lakini kanga ilikuwa imeshuka, na sikio lake lilikuwa limegeukia kwangu.

Akamvuta somo wake mkono, akamnong'oneza.

Wifi akaniangalia, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Anauliza kama ugonjwa huu utamzuia kuzaa."

Nilitazama mchoro. Mtoto alikuwa amebeba hofu hiyo bwenini, muhula baada ya muhula, na mimi nilikuwa naona wivu wa kisamvu.

"Mwambie," nikasema, "kuumwa tu hakumaanishi hatazaa. Wengi walioumwa hivi wana watoto. Tunampeleka kwa daktari ili kama kuna kitu, kitibiwe mapema. Mwambie amefanya vizuri kuuliza. Maswali mengine yoyote, alete."

"Umesikia?" wifi akamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

Niliwapeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa daktari, nikarudi kwenye foleni yangu. Niliwahudumia watu, lakini ukiniuliza ni akina nani sikumbuki. Baada ya muda mlango ukasukumwa. Walikuwa ni wao. Daktari hakuona kitu cha kutisha. Amempa dawa, na amemtaka arudi likizo ijayo aangaliwe tena. Wifi alinieleza hayo amesimama, mkono wake umezunguka kiuno cha mwanangu, palepale panapouma.

"Sasa tunakwenda kula," akasema. "Ningekukaribisha dada nesi, lakini naona una foleni."

"Nendeni tu."

Binti yangu alikuwa amegeuka kutoka, akasita. Alinitazama usoni, midomo ameibana asicheke. "Asante, nesi."

"Karibu tena," nikamjibu. "Uje na somo wako."

Wakatoka. Walipofika ukumbini nilisikia wameangua kicheko, vicheko viwili vinavyofanana, na mlango ulikuwa bado wazi kidogo. Nilitamani kujua wanacheka nini. Nilitamani sana. Nikautia mlango komeo, halafu nikakumbuka kwamba watu wananisubiri, nikaufungua tena, nikamwita anayefuata. Alikuwa msichana wa rika la wangu, ameshikwa mkono na mwanamke ambaye hakufanana naye hata kidogo. Mama yake sijui alikuwa wapi, sijui alikuwa anajisikiaje. Niliwakaribisha wote wawili, nikafunga mlango.